Wanyama madukani: Vifo vimo ndani ya hesabu



Mtanzania anayefika Marekani kwa mara ya kwanza hukutana na mambo mengi ya kumshangaza, na mojawapo ni duka la wanyama. Sizungumzii bucha, wala mnada wa ng'ombe. Nazungumzia duka kubwa lenye taa kali na viyoyozi, ambamo mtu huingia akisukuma toroli, akanunua mfuko wa chakula cha mbwa, mchanga wa kujisaidia paka na mkanda wa shingoni, na kabla hajamfikia mtunza fedha akaongeza na hamsta mmoja kwa sababu mtoto amelia. Hamsta ni mnyama wa jamii ya panya, mnene, mwenye mkia mfupi sana. Hutiwa ndani ya kiboksi chenye matundu, mfano wa kile tunachofungiwa chipsi, akakabidhiwa mtoto, na safari ya nyumbani ikaanza.

Maduka hayo mengi ni ya makampuni makubwa. Petco na PetSmart, kila moja ina maduka zaidi ya elfu moja huko Marekani. Uingereza wanayo kampuni ya Pets at Home, yenye mamia ya maduka. Ukiingia katika duka la California au la New York, mpangilio ni ule ule: samaki ukutani, ndege upande mmoja, mijusi na nyoka ndani ya vioo vyenye taa ya joto, simbilisi chini kidogo ili watoto wawaone vizuri.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, watu wa huko wenyewe wamekuwa wakilalamika kwa miaka mingi juu ya hali ya wanyama wanaouzwa namna hiyo. Pili, baadhi ya wanyama wanaoishia kwenye biashara hiyo walitoka kwetu.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo mzizi wa fitina. Hamsta mmoja huuzwa kwa dola 20 hivi, mara nyingine zaidi kidogo, mara nyingine pungufu. Kumwona daktari wa mifugo mara moja tu, kabla hata ya dawa, ni fedha mara kadhaa ya hizo. Sasa mfanyakazi wa duka afunguapo asubuhi akakuta hamsta mmoja anaharisha, meneja afanye nini? Huruma inamwambia ampeleke kwa daktari. Daftari linamwambia aagize mwingine. Na meneja huyo ana mkubwa wake wa mkoa, ambaye naye ana mkubwa wake makao makuu, na wote hao wanapimwa kwa daftari. Mimi simwiti meneja huyo katili. Inawezekana kabisa kwamba anao mbwa nyumbani na anawapenda sana. Lakini biashara yenyewe imepangwa kwa namna ambayo mnyama akiugua thamani yake inakuwa ndogo kuliko gharama ya kumponya, na mali ya namna hiyo dukani hutupwa.

Kwa ng'ombe si hivyo. Mfugaji wa Kisukuma ng'ombe wake akivimba tumbo usiku, atakesha naye, atatembea maili kadhaa kutafuta dawa, kwa kuwa ng'ombe mmoja ni ada ya shule, ni mahari, ni akiba ya ukame. Mfugaji huyo hajasoma kitabu chochote cha haki za wanyama. Hesabu yake inamtaka mnyama apone. Hesabu ya duka la mjini inamvumilia mnyama afe, ili mradi wasife wengi mno.

Kuna jingine ambalo wengi hawalifahamu. Hamsta wa aina inayouzwa zaidi ni mnyama wa kuishi peke yake, na ni mnyama wa usiku. Dukani hukaa na wenzake katika kizimba kimoja, chini ya taa, mchana kutwa, huku vidole vya watoto vikigonga kioo. Wakikua kidogo huumana. Samaki aitwaye betta, ambaye asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, yeye ana tatizo la kinyume: madume wawili hawawezi kukaa pamoja bila kupigana. Maduka mengi yamelitatua kwa kumtia kila dume katika kikombe cha plastiki chenye maji kidogo na kuvipanga vikombe hivyo kwenye rafu, kimoja juu ya kingine, kama mtindi.

Malalamiko haya yamefika mahakamani. Mwaka 2002 mji wa San Francisco uliishitaki kampuni ya Petco kuhusu utunzaji wa wanyama katika maduka yake ya mji huo. Mwaka 2004 kampuni hiyo ilikubali kulipa zaidi ya nusu milioni ya dola huko California kumaliza mashauri yaliyohusu utunzaji wa wanyama, pamoja na lile la kuwatoza wateja bei iliyozidi bei iliyoandikwa. Ninayataja haya mawili pamoja kwa makusudi, maana ndivyo yalivyoshughulikiwa: mjusi asiyetibiwa na senti zilizozidi kwenye risiti, faili moja.

Lakini duka ni mlango wa mbele tu. Nyuma yake wapo wauzaji wa jumla, na huko mteja hafiki. Desemba 2009, maofisa wa mji wa Arlington, jimbo la Texas, waliingia katika ghala la kampuni iliyoitwa U.S. Global Exotics. Walikuta wanyama zaidi ya 26,000 wa aina zaidi ya 170: mijusi, nyoka, kobe, vyura, buibui, panya na wengineo, wengi wakiwa wamerundikwa katika vyombo vya plastiki, chupa na magunia. Mahakama iliamuru wanyama hao wachukuliwe. Wataalamu waliowachunguza walichapisha matokeo mwaka 2014. Wanyama wanane katika kila kumi walikuwa wagonjwa, wameumia au wamekwisha kufa. Kila wiki wanyama karibu 3,500, waliokufa au waliokuwa wakikata roho, walikuwa wakitupwa. Katika muda wa wiki sita, ambao ndio muda wa shehena moja kuingia na kutoka, vifo vilifikia asilimia 72.

Idadi hiyo inatisha, lakini lililonishangaza mimi ni utetezi uliotolewa. Upande wa wafanyabiashara ulieleza kwamba vifo vya kiwango kama hicho ni vya kawaida katika kazi hiyo. Vya kawaida! Mchuuzi wa nyanya wa Kariakoo akipoteza matenga saba kati ya kumi hawezi kurudi sokoni wiki inayofuata. Hawa walirudi, kwa sababu tenga walilinunua kwa bei ya bure.

Itaulizwa, je, sheria hakuna? Ipo. Marekani ina sheria ya ustawi wa wanyama tangu 1966. Lakini maduka ya rejareja kwa sehemu kubwa yamesamehewa leseni yake, na wanyama wenye damu baridi, yaani samaki, nyoka, mijusi, kobe na vyura, hawamo kabisa. Kwa hiyo kinachobaki ni sheria za majimbo na miji, na hizo zinatofautiana kama kanga.

Lazima tuwe wakweli na kusema kwamba yapo mabadiliko. Petco na PetSmart haziuzi mbwa wala paka. Huwapa nafasi wenye vituo vya wanyama waliotelekezwa ili watu wawachukue hapo. Pets at Home ya Uingereza imekuwa na desturi ya kusimamisha kuuza sungura wakati wa Pasaka, kwa sababu sungura wa zawadi ya Pasaka wengi walikuwa wakitupwa sikukuu ikiisha. California, tangu Januari 2019, imekataza maduka kuuza mbwa, paka na sungura wa mashamba ya kuzalisha. New York ilifuata, na sheria yake ikaanza kazi Desemba 2024. Uingereza ilipiga marufuku Aprili 2020 mtu wa kati kuuza vitoto vya mbwa na paka. Sheria hiyo huitwa kwa jina la mbwa jike, Lucy, aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka shamba moja huko Wales ambako alizalishwa mfululizo mpaka uti wa mgongo wake ukapinda. Ufaransa nayo ilifunga uuzaji wa mbwa na paka madukani tangu Januari 2024.

Utaona wenyewe, ndugu wasikilizaji, kwamba mbwa ana mawakili wengi. Paka naye hakosi. Sungura mara anatajwa, mara anasahauliwa. Mjusi hana hata mmoja. Na mjusi ndiye anayetuhusu.

Kabla sijafika kwake, nipitie kwa panya. Mwezi Aprili 2003 shehena ya wanyama wadogo wapatao 800 ilitoka Ghana kwenda Texas kwa ajili ya biashara hii. Ndani yake walikuwemo panya buku. Baadhi ya panya hao wakafikishwa kwa muuzaji wa Illinois, wakawekwa karibu na wanyama wengine wa huko huko Marekani wa jamii ya kindi, ambao nao walikuwa wakiuzwa kwa kufugwa majumbani. Wakawaambukiza ugonjwa ambao sasa tunauita Mpox, wakati ule ukiitwa ndui ya nyani. Wale kindi wakauzwa. Watu 47 katika majimbo sita wakahesabiwa kuwa wameugua au kudhaniwa kuugua, baadhi yao wakiwa watoto. Hakufa mtu. Mwaka ule ule Serikali ya Marekani ikapiga marufuku kuingiza panya na jamii zao kutoka Afrika. Kwa miaka mingi sana watu wa Afrika ya Kati na Magharibi walikuwa wameugua ugonjwa huo bila dunia kugeuza shingo. Ulipoingia kwenye chumba cha mtoto wa Kimarekani, marufuku ilitoka kwa wiki chache. Hayo nayaacha, ni mazungumzo ya siku nyingine.

Panya buku si mgeni kwetu. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO huwafundisha panya wa jamii hiyo kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kutambua kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapa Tanzania, akapelekwa Kambodia, akanusa na kuonyesha zaidi ya mabomu 100. Mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu huko Uingereza, mwaka 2021 akastaafu, na alipofariki Januari 2022 magazeti ya dunia nzima yaliandika. Naona haya kidogo kumlinganisha na wale waliosafirishwa ndani ya masanduku kwenda Texas, maana ni ndugu. Mmoja aliandikiwa jina na zamu ya kazi, wengine wakaandikiwa bei.

Tukiwa bado Morogoro, sasa tufike kwa mjusi wetu. Chini ya milima ya Uluguru upo msitu mdogo uitwao Kimboza, wenye ukubwa wa hekta kama 400. Ndani yake huishi mjusi mdogo ambaye dume lake lina rangi ya buluu inayong'aa kama pambo la dukani. Jike ni wa kijani au kahawia. Duniani kote hupatikana katika eneo hilo la Morogoro tu, na hukaa kwenye miti ya jamii ya mkadi, yenye majani marefu yenye miiba, ambayo makutano yake hutunza maji. Wafugaji wa mijusi wa Ulaya walipomwona walipagawa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba kati ya mwishoni mwa 2004 na katikati ya 2009, kundi moja tu la wakusanyaji lilichukua mijusi kati ya 32,000 na 42,000 kutoka huko. Na kwa kuwa mjusi hujificha katikati ya majani juu, njia rahisi ya kumpata ilikuwa kuukata mkadi. Ukiukata, unaondoka na mijusi, na watakaobaki hawana pa kuishi.

Hapa naomba tutulie kidogo. Kijana wa kijijini aliyeshika panga akaukata mti ule alipata fedha ya sukari na kiberiti. Msafirishaji alipata zaidi. Muuzaji wa Ulaya alipata zaidi mno. Lakini baada ya miaka michache, wafugaji wa Ujerumani na kwingineko walikwisha kuwazalisha mijusi wale katika vioo vyao sebuleni. Mjusi wa Kimboza akataga Ulaya, vitoto vikauzwa Ulaya, na Kimboza haikupata hata senti moja ya vitoto hivyo. Tulibakiwa na visiki. Mwaka 2016 nchi zilizotia saini mkataba wa CITES zilikubali kumweka mjusi huyo katika orodha ya viumbe wasioruhusiwa kabisa kufanyiwa biashara wakitoka porini. Kasuku wa kijivu aliingia orodha hiyo katika mkutano huo huo. Kobe wetu bapa, yule anayejipenyeza kwenye nyufa za mawe, alisubiri hadi 2019.

Wale wanaosema kwamba nchi inapoteza fedha za kigeni kwa kutouza wanyama hai wanieleze fedha za mjusi wa Kimboza ziko wapi. Katika miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza ndege hai kwa wingi duniani. Kasuku wetu wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya machungwa, waliokuwa wakiruka makundi kwa makundi kusini mwa Ziwa Victoria, walijaa katika vizimba vya Ulaya. Baadaye Marekani ikajifungia kwa sheria ya 1992, na Umoja wa Ulaya ukazuia ndege wa porini mwaka 2005 kwa kuhofia mafua ya ndege, zuio ambalo 2007 lilifanywa la kudumu. Soko lilifungwa na wanunuzi, sisi tukabaki na vizimba.

Mnakumbuka vilevile mambo ya KIA. Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya 100, wakiwemo twiga wanne, walipakiwa kwenye ndege usiku na kupelekwa Qatar. Bunge likawaka moto. Machi 2016 wakakamatwa tumbili zaidi ya 60 katika uwanja huo huo, safari yao ikiwa ya Albania. Mwezi Mei mwaka huo Serikali ikazuia usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi kwa miaka mitatu. Juni 2022 ikatolewa taarifa kwamba wafanyabiashara wameruhusiwa kwa miezi sita kusafirisha wanyama waliobaki nao. Wananchi wakapiga kelele, na ruhusa ikasitishwa ndani ya siku chache.

Mimi nilikuwa upande wa waliopiga kelele. Hata hivyo sikuwafurahia waliowatukana wafanyabiashara wale wote kwa pamoja. Wapo waliokuwa na leseni halali, waliolipa ushuru, na zuio likawakuta na vizimba vimejaa. Mnyama hajui zuio. Kesho yake asubuhi anataka kula. Ilipasa tangu mwanzo kuhesabu wanyama wale, kuwarudisha porini wanaoweza kurudi, kuwachukua wasioweza, na kumalizana na wenye mali kwa haki. Kumwacha mtu na kobe mia mbili na barua ya katazo ni kuwatesa wote wawili, mtu na kobe.

Najua lipo swali ambalo wengine wenu mmekwisha kuliuliza mbele ya redio zenu. Watu hawana dawa zahanati, nawe unatusumbua na panya wa Marekani na mjusi wa buluu? Tena kuku wetu si wanasafirishwa juu ya basi, miguu juu kichwa chini, kutoka Singida mpaka Dar es Salaam? Swali la kuku ni la haki. Kuku yule anateseka, na Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inamtambua. Kama kuna jambo ambalo tunawazidi Wamarekani katika maandishi ni hilo. Katika utekelezaji, nendeni Ubungo mkaone.

Na lile la zahanati, sioni kama halmashauri ikimkagua muuza sungura dawa zitapungua. Maduka ya namna hii yameanza kuonekana hapa kwetu. Wapo wauza samaki wa mapambo, wapo wenye ndege katika vizimba vya waya, na kando ya barabara kubwa za Dar es Salaam vijana wamesimama juani na vitoto vya mbwa mikononi, wakiwanyanyua kila gari linaposimama. Bado ni wachache, na bado ni biashara ya mtu mmoja mmoja ambaye ukimwuliza mnyama huyu katoka wapi anaweza kukujibu. Siku yatakapokuja maduka ya kampuni moja yenye matawi mijini kote, muuzaji hatajua, na daftari litakuwa limekwisha kupangwa.

Kwa hiyo ninaziuliza halmashauri za miji: anayeomba leseni ya kuuza wanyama hai leo anaulizwa nini? Anaulizwa daktari wake wa mifugo ni nani? Anatakiwa kuandika waliokufa, au anaandika waliouzwa tu? Nimeiona fomu moja ya leseni ya biashara. Inauliza jina, mtaa, namba ya mlipakodi na aina ya bidhaa.